Mpako wa bapa la kisu

Mpako wa bapa la kisu ni tabaka jembamba la rangi, vanishi, oksidi, metali au kemikali nyingine linalofunika feleji ya kisu au panga ili isishike kutu, ipunguze msuguano, isimeremete au ipendeze machoni. Bapa, ambalo kamusi huliita pia kengee, ni sehemu yote ya chuma iliyo nje ya mpini. Makali ni ukingo wake unaokata. Mpako hulinda ubavu wa bapa tu. Makali hunolewa na hivyo hubaki wazi hata katika kisu kipya.

Kusafisha kisu chenye mpako si sawa na kusafisha kisu cha chuma kitupu. Njia zinazong'arisha sufuria, yaani majivu, mchanga na nyuzi za chuma, huondoa uchafu pamoja na mpako, na mipako mingi ikishaondoka haiwezi kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujua kisu kimepakwa nini.

Makala hii inaeleza jambo hilo kwa mifano ya Ipole katika Mkoa wa Tabora, Tanzania, ambako kisu na panga ni zana za warina asali. Katika kazi hiyo mpako unaobanduka unaweza kuishia ndani ya ndoo ya asali.

Ipole na zana zake

Ipole ni kata ya Wilaya ya Sikonge. Iko kusini mwa mji wa Sikonge kwenye barabara itokayo Tabora, mahali inapogawanyika: tawi moja huenda Mpanda kupitia Koga, na jingine huenda Rungwa, kisha Chunya na Mbeya. Eneo hilo limezungukwa na misitu ya miombo, na sehemu yake ni hifadhi ya wanyamapori inayosimamiwa na jamii ya vijiji vyenyewe. Ufugaji wa nyuki na kilimo, hasa cha tumbaku na mahindi, ndizo kazi zinazojulikana zaidi. Mjini Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki.

Katika kazi hizo bapa hukutana na vitu vingi vinavyogandamana. Mzinga wa asili hutengenezwa kwa gome la miti ya miombo kama mtundu na myombo, na panga linalokata gome hilo hupata utomvu na tanini. Tanini ni kemikali ya magome ambayo ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi ya bluu, kama wino. Wakati wa kurina, kisu hukutana na asali, nta na gundi ya nyuki, ile ambayo nyuki huziba nayo nyufa za mzinga. Shambani, majani na mashina ya tumbaku huacha gundi ya kahawia inayoshika mikono na vyombo.

Asali ina tindikali kiasi. Kipimo chake cha pH kwa kawaida huwa karibu na 4, na hufyonza unyevu kutoka hewani. Tone lililosahauliwa juu ya chuma kitupu usiku mmoja huacha doa jeusi au la kutu. Chuma nacho huiathiri asali, kwani huigeuza rangi kuwa nyeusi zaidi na kuipa ladha ya madini. Ndiyo sababu wataalamu wa ufugaji nyuki husisitiza vyombo vya feleji isiyoshika kutu au plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Mrina asali ambaye asali yake imeshuka daraja hulaumu moshi au maji, na mara nyingi kweli ndiyo sababu. Lakini kisu hakistahili kusahauliwa.

Historia

Uhunzi katika Unyamwezi na nchi za jirani ni wa zamani kuliko misafara ya pwani. Majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa Usumbwa na wa Warongo yaliuzwa mbali na yalitumika kulipia mahari na bidhaa nyingine. Bapa lililotoka kwa mhunzi lilikuwa tayari na mpako wake wa kwanza: ngozi nyeusi ya oksidi inayojitokeza chuma kinapochomwa motoni na kupigwa nyundo. Ngozi hiyo inaposhika vizuri na kupakwa mafuta huchelewesha kutu, na mhunzi hakuwa na sababu ya kuiondoa isipokuwa kwenye makali.

Katika karne ya 19 Tabora, iliyojulikana pia kama Kaze au Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa, shanga, nyaya na bunduki. Njia ya Ujiji haikuwa moja tu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akikwepa vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora, aliondoka Kwihara akaelekea kusini kupitia Ugunda hadi Ukonongo ndipo akageuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Nchi ya kusini mwa Tabora, ambamo leo imo Wilaya ya Sikonge, ilikuwa hivyo sehemu ya mtandao wa njia hizo.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, bidhaa za viwandani zilipata njia rahisi zaidi ya kuingia bara. Panga la kiwandani lilikuja na mpako wa aina nyingine, yaani vanishi au rangi iliyokusudiwa hasa kulilinda melini na ghalani. Mapanga ya Uingereza yenye alama ya mamba yalipata sifa katika sehemu nyingi za Afrika. Baada ya uhuru, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam (UFI), kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitengeneza zana za mkono nchini. Wahunzi wa vijijini hawakutoweka. Malighafi yao ilibadilika kutoka chuma cha tanuri kwenda chuma chakavu, hasa springi za magari, ambazo feleji yake inashika makali vizuri.

Kwa hiyo katika nyumba moja ya mfuga nyuki leo zinaweza kukutwa zana tatu zenye ngozi tatu tofauti: panga la dukani lenye vanishi, kisu cha mhunzi chenye oksidi nyeusi, na kisu cha jikoni cha rangi ya kung'aa kilichotoka ng'ambo. Kila kimoja kinahitaji kusafishwa kwa namna yake.

Aina za mipako

Mpako unaopatikana kwa wingi zaidi vijijini ni vanishi na rangi ya kawaida. Vanishi haina rangi au ina umanjano kidogo, hivyo wanunuzi wengi hawajui kama ipo. Wanapoona bapa linabanduka kama ngozi ya kitunguu hudhani chuma ni kibovu. Sivyo, kwani kinachobanduka ni kinga ya safari, na haikutengenezwa kudumu kazini. Panga la namna hii likitumiwa kukata masega kabla vanishi haijaisha, vipande vyake hukatika na kuingia kwenye asali.

Rangi ya unga hunyunyizwa ikiwa kavu kisha huokwa tanurini kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Ni nene, kwa kawaida mikromita 50 hadi 100 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na hukaa vizuri kwenye visu vya porini na vya kijeshi. Ikipasuka huanzia pale inapokutana na makali.

Oksidi nyeusi ni jambo jingine kabisa. Haikupakwa juu ya chuma, bali ni chuma chenyewe kilichogeuzwa sura kwa kemikali au joto. Unene wake ni karibu mikromita moja tu. Peke yake kinga yake ni ndogo. Kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Mpako wa fosfati, wenye rangi ya kijivu na mguso wa mkwaruzo kidogo, hufanya kazi kwa kanuni ileile na hunywa mafuta zaidi.

Visu vya bei kubwa huwa na mipako migumu inayowekwa ndani ya chombo kisicho na hewa, kwa mfano nitridi ya titani, yenye rangi ya dhahabu, au kaboni ngumu nyeusi inayokaribia tabia ya almasi. Unene wake ni mikromita chache tu, lakini ni migumu kuliko feleji iliyo chini yake. Alama za kijivu zinazoonekana juu ya kisu cha namna hii mara nyingi si mikwaruzo. Ni metali laini ya kitu kilichosuguliwa, iliyogandia juu ya mpako, na huweza kufutika.

Visu vya jikoni vyekundu, kijani au bluu vinavyouzwa kwa seti masokoni kwa kawaida vimepakwa rangi au plastiki isiyogandisha chakula. Hivyo ndivyo vinavyoharibika haraka zaidi kwa dodoki la chuma. Kuna pia visu na uma vilivyofunikwa kwa nikeli au kromi, ambavyo vikianza kubanduka ukingo wake huwa mkali kama wembe na si vya kuweka mdomoni tena.

Mwisho kuna ngozi isiyotoka kiwandani, yaani weusi wa kijivu unaojitengeneza wenyewe juu ya feleji ya kaboni kwa kukata vitunguu, ndizi, nyama na magome. Watu wengi huuona kama uchafu na kuusugua kila wiki. Weusi huo ni kinga hafifu lakini ya kweli, na kuusugua ni kumrudisha kisu mwanzo kila mara.

Kutambua mpako

Jaribio hufanywa mahali pasipoonekana, karibu na mpini. Ukucha ukipitishwa kutoka makali kwenda ubavuni utahisi ngazi ndogo pale rangi, vanishi au rangi ya unga inapoanzia. Oksidi haina ngazi. Pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha hulainisha vanishi na rangi ya kawaida ikaacha doa kwenye pamba. Rangi ya unga hustahimili mguso mfupi, na oksidi na mipako migumu hazibadiliki kabisa. Tone la siki au ndimu likiachwa dakika chache hufuta weusi wa oksidi na kuonyesha chuma cheupe, ilhali kwenye kaboni ngumu au nitridi halifanyi kitu.

Sumaku haisaidii kutambua mpako. Wala haitofautishi feleji ya kaboni na ile isiyoshika kutu inayotumika katika visu, kwani zote mbili kwa kawaida huvutwa. Tofauti yao iko kwenye kromi: feleji huitwa isiyoshika kutu ikiwa na kromi ya asilimia 10.5 au zaidi. Hata hiyo hushika kutu ikifunikwa na mpako uliopasuka unaotunza maji ya chumvi chini yake.

Kusafisha

Uchafu wa kila aina una kiyeyusho chake, na kutumia kiyeyusho sahihi ndiko kunakoondoa haja ya kusugua. Sukari ya asali huyeyuka katika maji ya uvuguvugu, na kisu kilichotoka kukata sega kikilowekwa bapa lake dakika kumi huhitaji kitambaa tu. Mpini wa mti usilowekwe, kwa sababu maji huingia kwenye tundu la mkia wa bapa na kutu huanzia humo, mahali pasipoonekana.

Nta haiyeyuki katika maji ya uvuguvugu. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 hivi, na kwa hiyo maji ya moto yaliyoepuliwa huitoa. Kisu hupanguswa kingali na joto kwa kitambaa ambacho hakitarudi jikoni. Maji hayo yasimwagwe kwenye bomba la sinki kwa wenye nalo, maana nta hugandia humo.

Gundi ya nyuki haisikii maji wala sabuni. Ikiwa baridi huwa ngumu na hukatika, hivyo asubuhi ya kipupwe inaweza kubanduliwa kwa kipande cha mti au cha plastiki. Mabaki huyeyuka kwa spiriti, lakini spiriti hulainisha vanishi na baadhi ya rangi, kwa hiyo kwenye panga la dukani hujaribiwa kwanza karibu na mpini. Baada ya spiriti ni lazima kuosha kwa sabuni, kwa kuwa spiriti ya dukani huchanganywa na sumu ili isinywewe.

Utomvu wa miti na gundi ya tumbaku hulainishwa kwa mafuta ya kupikia. Hupakwa, huachwa nusu saa, hufutwa, kisha sabuni. Wengi hutumia mafuta ya taa, na kwa kazi hiyo yanafanya vizuri kweli. Ubaya wake ni harufu. Asali na nta hunyonya harufu haraka, na panga lililofutwa kwa mafuta ya taa asubuhi linaweza kuharibu ndoo nzima jioni. Kisu kilichotumika kwenye tumbaku au dawa za mimea kisitumike kwenye chakula hata kikioshwa, na njia rahisi ya kuhakikisha hilo ni kukifunga mpini kwa mpira wa rangi tofauti.

Majivu yanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu yanatumika kila nyumba. Majivu ya kuni yana magadi ya potasi ambayo yakichanganyika na maji hukata mafuta, na hiyo ndiyo faida yake. Lakini yana pia chembe za mchanga, ambazo hukwaruza. Faida inaweza kupatikana bila hasara: majivu hulowekwa ndani ya maji, huachwa yatulie, na maji ya juu yaliyo safi hutumika kuosha. Yasitumike kwa kisu chenye sehemu za alumini, maana huila.

Kukausha ni sehemu ya kusafisha. Kisu kinachorudishwa kwenye ala ya ngozi kikiwa na unyevu hushika kutu kwa siku moja, hasa wakati wa mvua, ambazo Tabora huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili. Ngozi yenyewe hutunza maji na chumvi zilizotumika kuitengeneza. Ala ni ya kubebea. Nyumbani kisu hutundikwa nje yake.

Kutu chini ya mpako

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inapoanzia kwenye mkwaruzo mmoja hutambaa chini ya rangi na kuiinua, na uvimbe mdogo unaoonekana juu ni dalili ya eneo kubwa zaidi chini. Kupaka rangi mpya juu ya uvimbe huo ni kazi bure. Rangi inayoinuka hutolewa kwa ncha ya mti mgumu mpaka ifikie pale iliposhika imara, ndipo kutu ishughulikiwe.

Kutu nyepesi hutoka kwa mafuta na kipande cha mfupa, mti au sarafu ya shaba, ambavyo ni laini kuliko feleji na hata kuliko mipako migumu. Kutu nene kwenye chuma kitupu hulowekwa kwa siki kwa saa chache, kisha hupigwa brashi, huoshwa kwa maji ya magadi ili kuua tindikali, na kukaushwa papo hapo. Bapa lililotoka kwenye siki lina uso mpya usio na kinga na hupata wekundu mbele ya macho. Siki haifai kwa kisu chenye oksidi nyeusi kinachotakiwa kibaki cheusi, wala kwa fosfati.

Vidonda vya kutu vilivyochimba bapa haviwezi kujazwa. Vikiwa mbali na makali haviathiri kazi, ila hutunza uchafu na lazima vipigwe brashi kila mara. Vikifika kwenye makali, kisu hunolewa kwa tupa na kinoo mpaka vivukwe.

Kurudisha mpako

Neno kurudisha linaweza kuleta matumaini makubwa kuliko uwezo. Mpako mgumu wa nitridi au kaboni na mpako wa plastiki wa kisu cha jikoni haviwezi kutengenezwa upya nyumbani wala kwa mhunzi. Kinachowezekana ni mojawapo ya mambo matatu: kutunza kilichobaki, kukiondoa chote na kuacha chuma kitupu kinachotunzwa kwa mafuta, au kupaka kinga ya aina nyingine.

Kwa panga la msituni, lisilogusa chakula, kupaka rangi upya kunafaa. Mpako wa zamani hutolewa kwa msasa wa namba 180 hadi 240, bapa hupanguswa kwa tina, na kuanzia hapo haliguswi kwa mkono mtupu kwa sababu jasho lina chumvi. Rangi ya kwanza ya kuzuia kutu hutangulia, kisha tabaka mbili au tatu nyembamba za rangi ya chuma, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke. Sentimita mbili hivi kutoka kwenye makali huzibwa kwa gundi ya karatasi ili zibaki wazi. Tabaka moja nene hukauka juu na kubaki laini ndani, na hubanduka kwa pigo la kwanza kwenye mti.

Kwa kisu cha asali au cha jikoni rangi haifai, na hapa Ipole ina bahati ya kuwa na nta. Wahunzi wa nchi nyingi hutumia nta ya nyuki kumalizia vyombo vyao. Bapa safi na kavu huanikwa juani au huzamishwa kwenye maji ya moto na kukaushwa, likiwa na joto la kutosha kuyeyusha nta inapoguswa. Kipande cha nta husuguliwa juu yake, huenea kama maji, kisha hupanguswa kwa kitambaa mpaka ionekane kama haipo. Tabaka linalobaki ni jembamba lakini huzuia unyevu kwa wiki kadhaa za matumizi ya kawaida, na halidhuru likiingia kwenye asali. Nta ikihitaji kuyeyushwa kwa wingi, sufuria yake huwekwa ndani ya sufuria ya maji. Nta iliyowekwa moja kwa moja juu ya moto inaweza kuwaka. Mafuta ya kupikia ni mbadala, ila yakiachwa kwa muda mrefu hugeuka kuwa gundi yenye harufu ya uvundo.

Weusi wa kinga kwenye feleji ya kaboni nao unaweza kuharakishwa. Bapa hupanguswa kwa spiriti ili kuondoa mafuta, kisha hulowekwa kwenye chai ya rangi kali sana iliyotiwa siki kidogo kwa saa moja au zaidi. Tanini ya chai hufanya kazi ileile ya gome la mti. Rangi hutoka ya kijivu hadi nyeusi, na isipokuwa sawa pande zote si tatizo la kinga bali la macho. Chakula cha kwanza kinachokatwa kinaweza kuwa na ladha ya chuma. Vitunguu vichache huimaliza.

Dawa za chupa za kufanya chuma kiwe cheusi kwa baridi, zinazouzwa kwa wenye bunduki, mara nyingi zina chumvi za seleni na shaba. Ni sumu, na hazifai kabisa kwa bapa linalogusa chakula.

Moto na sumu

Njia ya mkato inayojulikana ni kutupa panga motoni ili rangi iungue. Ina hasara mbili. Ya kwanza ni feleji: bapa lililotengenezwa hupoteza ugumu wake likipita joto lililotumika kulirekebisha kiwandani, ambalo kwa zana nyingi ni kati ya nyuzi 200 na 400 hivi. Rangi ya bluu inayotokea kwenye chuma kilichosafishwa ni alama ya karibu nyuzi 300, na makali yaliyopata bluu motoni huwa hayashiki tena mpaka mhunzi ayachome na kuyazamisha upya.

Hasara ya pili ni moshi. Plastiki isiyogandisha huanza kuharibika juu ya nyuzi 260 hivi, na mvuke wake huua ndege wa kufugwa na kuwapa watu homa ya muda. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, ambayo ni hatari zaidi kwa watoto. Chuma kilichofunikwa kwa zinki, kama bati la mabati linalotumiwa kutengenezea visu vidogo, hutoa moshi mweupe unaoleta homa, baridi na maumivu ya kifua saa chache baadaye. Kusugua kwa msasa kukiwa kumelowa maji hupunguza vumbi, na vumbi hilo halifagiliwi mahali kuku wanapodonoa.

Mrina asali aliyezoea kupasha kisu moto ili kikate sega vizuri apashe kwa maji ya moto badala ya moto wenyewe, na atumie kisu kisicho na mpako.

Vyombo vya kale

Mikuki, majembe ya mahari na mapanga ya zamani yaliyohifadhiwa na familia au makumbusho, kama yale ya aina inayoonyeshwa kwenye Tembe ya Livingstone huko Kwihara karibu na Tabora, hayaingii katika kanuni za hapo juu. Ngozi yake nyeusi na alama za nyundo ni sehemu ya ushahidi wa jinsi yalivyotengenezwa, na msasa huifuta milele. Wahifadhi huondoa kutu inayoendelea tu, hukausha, na kupaka nta. Wakati mwingine hutumia asidi ya tanini kutuliza chuma, kemikali ya jamii ileile na ya gome ambalo hutia wino kwenye panga la mtengeneza mizinga. Jembe la kale lililong'arishwa mpaka likameremeta hupoteza thamani yake kwa mtafiti na pia kwa mnunuzi.